Laptopu na TV hazionani: kagua tundu kabla ya kununua waya mwingine

Nyaya nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Mabatini, Mwanza, zikiitwa mbovu ni nzima. Alikuja mama mmoja kutoka Igoma na nyaya tatu mkobani. Wa kwanza kanunua Makoroboi, ukagoma. Wa pili kaazima kwa shemeji yake, ukagoma. Wa tatu kauziwa kwa maneno matamu, "huu orijino, mama," nao ukagoma. Zote tatu zilitoa picha hapa dukani kabla hajamaliza soda. Kule kwake waya ulikuwa umechomekwa tundu la pili, TV yenyewe ikisubiri kwenye la kwanza.

Ndiyo maana nimepanga maelezo haya kwa malalamiko jinsi watu wanavyoyasema. Chini ya kila lalamiko nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, nikashuka hadi ile ya nadra. Ukiziruka za mwanzo kwa kuwa zinaonekana za kitoto, hizo hizo ndizo zitakazokurudisha mjini kwa nauli yako.

Kwanza, una tundu gani?

Geuza TV utazame mgongoni na ubavuni, kisha zungusha laptopu vivyo hivyo.

HDMI ni tundu bapa lililokatwa kona mbili za chini. Ndani lina pini 19 na linabeba picha na sauti kwa pamoja. Lilianza mwaka 2002, kwa hiyo karibu kila TV bapa unayoikuta mtaani inalo. VGA mara nyingi ni la buluu, lina vitundu 15 katika safu tatu na sehemu za skrubu pande zote mbili. Hilo ni la mwaka 1987 na linabeba picha tu, sauti hapana. Matundu matatu ya njano, nyekundu na nyeupe ndiyo AV ya TV za chogo, zile nene za zamani zenye mgongo: njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. USB-C ni lile dogo la mviringo kama la chaja za simu za siku hizi.

Ukiniuliza ununue nini, jibu langu halibadiliki: HDMI kwa HDMI, waya mmoja, mita moja na nusu hadi tatu, bila kidude chochote katikati. Kila konveta unayoongeza ni mahali pengine pa kulegea. Kama laptopu haina HDMI, jaribu USB-C. VGA iwe ya tatu. AV iwe pale ambapo TV ni chogo na huna namna.

Kuna kosa moja naomba ulikomeshe nyumbani kwako. Tundu la USB la TV halipokei picha kutoka kwenye laptopu. Lipo kwa ajili ya flashi. Ule waya wenye kichwa kikubwa cha USB pande zote mbili usiuchomeke kabisa. Pande zote mbili zinatoa umeme wa volti 5, na kinachoweza kufuata ni tundu la laptopu kufa huku hujapata hata nukta ya picha.

"Imeandika No Signal"

Hili ndilo lalamiko la kila siku.

TV iko kwenye tundu jingine. Bonyeza kitufe cha Source au Input kwenye rimoti, uchague namba ile ile iliyoandikwa pale ulipochomeka. Kama una king'amuzi, mara nyingi ndicho kilichokalia HDMI 1, kwa hiyo wewe uko 2. Tundu lililoandikwa ARC lisikutishe: linapokea picha kama mengine. Rimoti imepotea? Papasa chini ya fremu ya TV, kwa nyingi kuna kitufe kimoja kinachowasha na kubadili tundu.

Laptopu haijaamriwa kutoa picha. Kwenye Windows, shikilia kitufe chenye nembo ya dirisha ubonyeze P. Yatatokea machaguo manne. La kwanza linabakiza picha kwenye laptopu peke yake, na hapo ndipo wengi wamekwama. La pili, Duplicate, linaonyesha kitu kile kile pande zote mbili, chagua hilo. La tatu, Extend, linaifanya TV kuwa nyongeza ya kioo, na hapa kuna mtego: TV inaonyesha mandhari tupu, mtu anaapa kwamba imegoma, kumbe inafanya kazi na filamu imebaki kwenye laptopu. La nne linazima kioo cha laptopu. Hilo usiliguse mpaka una uhakika na waya wako.

Kichwa cha waya hakijaingia chote. TV iliyobanwa ukutani ni mwathirika wa kwanza, kwa sababu waya unapinda kwa nguvu na kichwa kinatoka nusu milimita. Vuta TV mbele, chomoa, angalia ndani ya tundu kwa tochi ya simu. Nimeshatoa humo mayai ya mende na vumbi lililogandamana. Pulizia kwa pampu ya mkono. Usichokonoe kwa pini wala sindano.

Hawakusalimiana. Laptopu inapochomekwa huiuliza TV inaweza kuonyesha picha za ukubwa gani, na TV ikiwa imelala, au umeme ndiyo kwanza umerudi, jibu halifiki. Zima zote mbili, chomoa TV kwenye soketi kwa dakika mbili hivi, chomeka waya, washa TV kwanza, chagua tundu lake, ndipo uwashe laptopu. Ukitaka kujaribu bila kuzima, shikilia dirisha, Ctrl, Shift, kisha B. Kioo kitapepesa mara moja na mfumo wa picha utaanza upya.

TV haiwezi ukubwa wa picha inayotumiwa. Hapa maandishi hubadilika, TV inasema Mode Not Supported au kitu cha aina hiyo. Rudi kwenye mipangilio ya kioo ya laptopu, uiteue ile TV, shusha hadi 1920 kwa 1080. Ikikataa, 1280 kwa 720, na kasi iwe 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde. TV ndogo nyingi za inchi 32 kioo chake halisi ni 1366 kwa 768, kwa hiyo hujapoteza kitu.

Waya umekufa kweli. Kabla ya kwenda dukani, chomoa ule wa king'amuzi, kwani ni HDMI hiyo hiyo. Ukileta picha, wako ndio mbovu. Usipoleta, peleka laptopu kwa jirani ujaribu kwenye TV yake. Sasa umejua mgonjwa ni nani kati ya watatu, na hujatoa hata shilingi.

Tundu limevunjika. Dalili yake ni picha inayokuja ukiunyanyua waya kwa kidole na kupotea ukiuachia. Hapa acha. Usikunje karatasi ukaweka chini ya waya kama kabari. Nimeiona sana, na inamalizia kung'oa njia za shaba kwenye bodi. Kubadilisha tundu la pini 19 ni kazi ya mashine ya upepo wa moto na jicho lililozoea. Mpelekee fundi wa bodi, na umuulize kwanza kama anayo mashine hiyo. Akikuonyesha pasi ya kuchomelea redio, mshukuru uende zako.

"Laptopu yangu ya zamani, ina VGA tu"

Kabla ya konveta yoyote, tazama mgongo wa TV. Nyingi za zamani kidogo zina VGA, tundu limeandikwa PC. Waya wa VGA kwa VGA utatoa picha safi kabisa, na sauti utaipitisha kwa waya mwembamba wa spika kutoka tundu la hedifoni.

Kama haina, unahitaji konveta, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Madukani kuna waya mmoja mtupu, upande mmoja VGA, upande mwingine HDMI, hauna kiboksi wala waya wa kuuwasha. Kwa kuunganisha laptopu ya VGA na TV ya HDMI, huo hauwezi kufanya kazi. VGA inatuma mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka, HDMI inataka namba, na shaba peke yake haijui kutafsiri. Konveta halisi ina chipu ndani, ina mkia wa USB wa kuipa umeme, na ina tundu la kuingizia sauti. Muuzaji akikuambia mkia wa USB "siyo lazima," uchomeke tu. Picha isiyotoka, au inayotoka na kuzima, mara nyingi ni konveta yenye njaa ya umeme.

Halafu zina mwelekeo. VGA kwenda HDMI ni kifaa kimoja, HDMI kwenda VGA ni kingine kabisa, na havibadilishani kazi hata ukivigeuza.

Kwa chogo ni vivyo hivyo. Viboksi viwili vinafanana kama mapacha: kimoja kimeandikwa HDMI2AV, kingine AV2HDMI. Wewe unataka HDMI2AV. Picha ikija haina rangi au inateremka kama pazia, tafuta swichi ndogo ubavuni iliyoandikwa PAL na NTSC, uiweke PAL. Usitegemee kusoma maandishi madogo humo. Kwa video ya harusi inatosha, kwa hesabu za duka utaumiza macho.

Na chogo isifunguliwe na mtu asiye fundi wake, hata ikiwa imechomolewa tangu jana. Bomba lake la picha hufanya kazi kwa volti elfu 20 na zaidi, na chaji hubaki humo ndani baada ya kuzimwa.

"Nimechomeka USB-C, kimya"

Sababu ya kwanza, na kwa kweli ndiyo karibu yote: tundu lako halitoi picha. USB-C ni umbo la tundu, kazi yake ni jambo jingine. Kuna linalochaji tu, kuna linalobeba mafaili, na kuna linalotoa na picha. Tafuta alama pembeni yake: herufi D iliyounganishwa na P, au kimshale cha radi. Isipokuwepo alama, soma sifa za modeli yako kabla ya kununua adapta ya USB-C kwenda HDMI. Simu nyingi za bei ya chini pia hazitoi picha kwa tundu hilo, na hakuna adapta itakayolibadilisha.

Sababu ya pili hukumba wenye kioo au TV inayopokea USB-C moja kwa moja: wametumia waya wa chaja ya simu. Nyaya hizo nyingi hazina zile nyuzi za ndani zinazobeba picha. Ya tatu, adapta imechoka. Ikipata joto la kukufanya uondoe mkono, ichomoe na usiirudishe.

"Picha ipo, sauti iko kwenye laptopu"

Bonyeza alama ya spika chini kulia, fungua orodha ya vifaa, chagua jina la TV. Basi. Jina lisipokuwepo, chomoa HDMI uichomeke tena huku TV ikiwa imewaka. Kama unapita kwenye VGA, sauti haiji yenyewe, tumeshalisema.

"Inakatika-katika, ina nukta nyeupe"

Nukta zinazometameta kama chumvi, au giza la sekunde mbili kisha picha kurudi, ni dalili za waya kushindwa kubeba mzigo. Wateja wangu wakubwa wa tatizo hili ni wenye vibanda umiza vya kuonyesha mpira na vijana wanaofunga projekta makanisani, kwa sababu laptopu iko nyuma na kioo kiko mbele.

Anza na urefu. Picha ya 1920 kwa 1080 hupita vizuri kwenye waya wa kawaida wa mita 5. Ukifika 10 unacheza bahati nasibu, na 15 kwa waya wa kawaida mimi siuzi hata ukinibembeleza. Jamaa mmoja wa Nyegezi alikuwa ameunga nyaya tatu kwa viunganishi hadi mita 18, na kila watu walipopiga kelele za goli alidhani ndiyo zinazokata picha. Kilichokuwa kinakata ni benchi lililokanyaga kiunganishi, watu wakiruka nalo linaruka. Tulisogeza laptopu mbele, kipanya cha bila waya kikabaki nyuma. Hakununua chochote.

Kama haiwezekani kusogeza, kuna nyaya za HDMI zenye chipu au nyuzi za kioo ndani. Hizo zina upande wa laptopu na upande wa TV, umeandikwa Source na Display, na ukizigeuza hupati kitu. Njia nyingine ni jozi ya viboksi vinavyopitisha picha kwenye waya wa mtandao.

Sababu ya pili ni kudai makubwa kuliko waya. TV ya 4K (nukta mara nne ya 1920 kwa 1080) kwa 60 Hz inataka waya uliothibitishwa kwa gigabiti 18 kwa sekunde. Ule uliokuja na king'amuzi huenda haufiki hapo. Shusha picha hadi 1080, na kama nukta zimeondoka, umepata jibu. Sababu ya tatu ni kutu. Sisi tulio karibu na ziwa, hasa Igombe, Kirumba Mwaloni na visiwani, tunaona vichwa vya waya vikififia ndani ya miezi. Waya wa kichwa kilichofanya ukungu wa kijani usiusugue, utupe.

"Kingo zimekatwa"

TV inakuza picha kwa mazoea ya zamani. Ingia kwenye ukubwa wa picha, chagua Just Scan, Screen Fit au Original, jina linategemea kampuni. Maandishi yakiwa na ukungu, badilisha jina la tundu kwenye TV liwe PC.

"Kila kitu kinaonekana, filamu ndiyo nyeusi"

Huduma za filamu za kulipia hutuma picha ikiwa imefungwa kwa kufuli liitwalo HDCP. Kipande chochote katikati kisicho na ufunguo, hasa konveta ya VGA au kigawanyio cha bei rahisi, hufanya picha iwe nyeusi huku sauti ikisikika. Dawa ni ile ya mwanzo: HDMI moja kwa moja.

"Nataka bila waya"

Dirisha na K, chagua jina la TV, mradi TV nayo imewashwa upande wake wa kupokea kioo. Watu wanaogopa kwamba itakula bando. Njia hii ya Miracast huunganisha laptopu na TV zenyewe kwa zenyewe. Video iliyomo kwenye laptopu haitumii hata kilobaiti ya bando. Bando linaliwa ukitazama kitu cha mtandaoni, na hapo lingeliwa hata kwa waya.

Ikisuasua, sogeza laptopu karibu, ondoa ukuta katikati. Kwa hotuba na picha za mnato inafaa. Kwa gemu au kuhariri video haifai, picha inachelewa nyuma ya mkono wako.

"Nikigusa waya, unanitekenya"

Hapa punguza haraka, soma yote.

Chaja ya laptopu yenye plagi ya pini mbili huvujisha umeme mdogo sana kwenye chuma cha laptopu, na mkono mkavu huusikia kama kutekenywa. Kwa kawaida hauui. Lakini ukichomeka HDMI wakati huo, na TV imeungwa na antena au dishi lililoshikwa na bomba la chuma nje, cheche moja ndogo kwenye kichwa cha waya inatosha kuua tundu. Kwa hiyo fanya hivi: chomoa chaja ya laptopu na TV kwenye soketi, unganisha HDMI, ndipo urudishe umeme.

Chaja ya pini tatu iachwe na pini zake tatu. Usiikate, usiipachike adapta ya pini mbili. Na ile tabia yetu ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa peni ili plagi ya pini mbili iingie, iacheni jamani. Lile tundu ndilo eathi, njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, na kifuniko kilichomo kimewekwa kuwalinda watoto.

Sasa ukomo. Umeme ukikurusha mkono badala ya kukutekenya, au fremu ya TV inapiga, au unasikia harufu ya plastiki kuungua, au swichi kuu inashuka kila ukichomeka: usiguse waya tena. Zima kwenye swichi kuu ukiwa umevaa viatu, mkono mkavu, na uite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime eathi ya nyumba. Mimi ni mtu wa laptopu, na hapo hata mimi sigusi. Nyumba ya kupanga? Mwenye nyumba aambiwe leo, maana ukuta unaopiga haupigi laptopu peke yake.

Radi nayo ni sehemu ya jambo hili, kwani ukanda wetu wa ziwa unazo nyingi na za ziwani hupenda usiku. HDMI inaifanya laptopu kuwa ndugu wa dishi: kinachoingia kwa antena kinapita TV hadi kwako. Wingu likianza kujenga juu ya ziwa, chomoa antena, kisha HDMI, kisha plagi zote mbili. Ukichelewa na tayari inapiga karibu, antena usiishike tena. Kaa mbali na TV mpaka ipite.